Kasiksi Iliyotangazwa Barabarani

Grégoire, Mushi wa mtaa wa Cimpunda mjini Bukavu, alikuwa fundi wa kasiksi, hata mahasimu wake walikubali. Pombe yake ya ndizi haikuumiza kichwa, na aliyeionja alirudi. Tabu ni kwamba waliorudi walikuwa majirani walewale, naye alitaka makuu. Siilaumu tamaa, bila hiyo angebaki kijijini Nyantende akipalilia maharagwe. Lakini mwaka ule wa 1957 ilimpofusha.

Firmin, dereva aliyetoka Stanleyville, alikuwa akizunguka Bukavu na gari lenye kipaza sauti, akitangaza sabuni ya Mgiriki mmoja. Sabuni ikaisha dukani kabla ya adhuhuri. Grégoire alijionea, akakosa raha. Akamuuza ng'ombe wake wa pekee, yule aliyewekwa awe mahari ya mwanawe Placide, aliyekuwa amechumbia kule Luhwindja. Kwa fedha hiyo akanunua ndizi, akajaza mitungi nyumba nzima, akamkodi Firmin.

"Kasiksi ikiuzika, ng'ombe itarudia na ndugu yake," alimwambia mkewe Emérence.

Firmin aliijua kazi yake. "Papa Grégoire, tutaje bei. Bila bei, watu hawatajua kama tunauzisha."

"Bei? Mimi Mushi muzima, nitangaze bei ya pombe mu barabara sawa mutu wa kuuzisha chumvi? Ni haya! Sema tu: Grégoire anaita watu wote kwake, wakuje kunywa."

"Sawa, papa. Gari ni yako leo."

Sauti ikavuma mtaa kwa mtaa. Sasa, kwa Bashi, kabila lake Grégoire, pombe uliyoifuata mwenyewe unailipia. Pombe uliyoitiwa ni ya aliyekuita. Hata mtoto anajua. Grégoire naye alijua, ila siku ile akili zake sijui zilikuwa zimekwenda kutembelea nani.

Wakaja. Wakaja na nyanya zao na wakwe zao, wamevaa nguo za misa, mirija mkononi. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakamuuliza sherehe ni ya nini. Grégoire alisimama mlangoni, akiwapisha waingie.

Emérence akamvuta kando. "Papa Placide, uwaambie!"

"Niwaambie nini? Ni mimi niliwaita."

Kumdai mgeni uliyemwita ni kumtemea mate. Mitungi ikakauka, watu wakaondoka wakiimba jina lake. Placide aliiinua mitungi mmoja baada ya mwingine, akaiweka chini. Inauma kumtazama kijana akifanya hivyo.

Wiki iliyofuata akafika Adalbert, mjomba wa mchumba na mshenga wao. Grégoire alikuwa amejiandaa kumwangukia miguuni, aombe muda mpaka apate ng'ombe mwingine. Adalbert hakumpa nafasi, alimkumbatia kwanza.

"Habari yako imefika mpaka Luhwindja, papa! Mutu mwenye kunywesha Cimpunda yote! Muzee, baba ya binti, amefurahi sana. Anasema, kwa mutu sawa weye, ng'ombe moja ni matusi. Ulete tatu."

Placide akamgeukia baba yake, akingoja. Neno moja tu la kweli lingetosha: sina kitu, nilikosea, mtuhurumie. Grégoire akafungua kinywa. Akamwona mgeni anavyomtazama kwa heshima, heshima ambayo hakuwahi kupewa maishani mwake.

"Umuambie muzee nimesikia," akasema.

Placide akachukua kofia yake, akatoka bila kumuaga mtu.