Wiki Mbili za Kunyamaza Kakuma

Juzi hapa Lodwar, kwa hoteli karibu na steji, mtoto wa meza ya pili alimaliza soda akaanza kupuliza mrija ndani ya chupa. Bro-bro-bro. Mama yake akamchapa mkono. Karibu nimchape huyo mama. Ngojeni niwaambie kwa nini.

2012 nilikuwa na miaka kumi na moja, tunaishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mdomo wangu ulijulikana mpaka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Rafiki yangu Nyandeng, msichana mpole wa kutoka Sudan Kusini, kila asubuhi alisukumwa nje ya laini ya maji ya mfereji na msichana mkubwa anaitwa Arupe. Nyandeng hakuwa anasema kitu. Kwa hivyo nilisema mimi, kwa niaba yake na ya ukoo wake wote. Mwezi mzima. Siku moja nikafungua mdomo ikatoka sauti ya mbuzi amekabwa, halafu hata huyo mbuzi akapotea.

Na mimi ndiye nilikuwa naanzisha wimbo wa kwaya ya kanisa, ambayo Nyandeng pia alikuwemo. Zilibaki wiki tatu tuende kuimba Lodwar.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mkongomani tuliyemwita Mwalimu Bahati, alinigusa shingo kwa vidole viwili, akasikiliza nikijaribu kusema "aaa".

"Weye mutoto, koo imevimba juu ya kelele. Wiki mbili, hapana kuongea. Hata kunong'ona hapana, kunaumiza vilevile. Utapuliza hii."

Akanipa mrija na chupa nusu ya maji. Nipulize mapovu huku naguna wimbo polepole, asubuhi na jioni, tumbo ndio lisukume, koo ikae tu kama mgeni.

Kakuma, jamani. Kupulizia maji ya kunywa!

"Watu wanaamka saa kumi kupanga laini, wewe unayapulizia upepo?" mama akaniuliza.

Majirani wakaja kuangalia. "Anaongea na samaki wa ziwani kule Longech," mmoja akasema, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa na majibu kumi. Nikayameza yote, nikapuliza, halafu nikakunywa hayo maji mbele yao.

Siku ya tano Arupe akasukuma tena mtungi wa Nyandeng. Hasira ikanipanda mpaka masikio. Nikakumbuka Lodwar. Nikaurudisha mtungi kwa laini, nikaukalia.

"Toka, bubu!"

Sikutoka. Akanivuta nywele, sikutoka. Ndipo nyuma yangu nikasikia, "Mwache! Hiyo ni nafasi yangu!" Alikuwa Nyandeng. Mfereji wote ukageuka.

Lodwar tulifika kwa lori, vumbi mpaka kwa meno. Sauti ilikuwa imerudi, lakini imeshuka chini kidogo na inakwaruza. Mama msimamizi wa kwaya akanisikia tukifanya mazoezi, akaniambia nisimame nyuma nifungue mdomo tu, Nyandeng aanzishe.

"Mimi siimbi sehemu yake," Nyandeng akasema.

"Na mimi sifungui mdomo bure," nikasema, nikaenda mbele.

Nikavuta pumzi mpaka mbavu za chini. Mstari wa pili sauti ikakatika. Sikuangalia chini. Nikavuta tena, nikasukuma na tumbo, ikafika mpaka kwa watu waliosimama nje ya mlango. Mwalimu Bahati hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu pumzi zangu kwa vidole.

Kuna watu mpaka leo husema Mwalimu alinifunza adabu ya kunyamaza. Uongo mtupu. Alinirudishia sauti. Kitu kingine nilikuja kukielewa nikiwa mkubwa: ule mwezi wote nilimpigania Nyandeng bila kumwachia hata nafasi ya neno moja. Hilo nakubali, ni kosa langu.

Lakini mtu asidhani nilitulia. Hasira bado ninazo zote. Siku hizi nikigombana naanzia tumboni, na kesho yake bado naimba.