Kitambaa cha Amerikani Uani kwa Bibi

Paa! Mjukuu wangu Rehema akitupwa kwenye yale magodoro ya judo, hupiga mkono chini, paa, nami mwili hunisisimka. Watu wanaoniona nimekaa pale na kanga yangu hudhani namwogopea mtoto. Nimwogopee nini? Huyo kwenye mashindano amewabwaga mpaka wale wa Urambo, na nitamsifu mpaka mchoke. Mimi kinachonitisha ni ule mlio, na ile nguo yake nyeupe, nzito.

Kusoma sikusoma sana, lakini mieleka niliijua. Enzi za Mwingereza, kwetu Kwihara, mtama ukishapurwa, sisi wasichana tulipigana mieleka juu ya makapi. Yanawasha shingoni yale, yana harufu ya vumbi tamu. Ukiangushwa unaamka kama kuku aliyeoga jivu. Niliwabwaga wote. Baba akaringa nami, na siku moja kwenye pombe, mbele ya mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu, akatamka: "Kalunde wangu atamwangusha yule wa Puge!"

Yule wa Puge aliitwa Milembe. Mavuno yaliyotangulia alimnyanyua msichana wa kwetu, akamtupa, akatua kwa kichwa. Msichana alilala kitandani hadi mvua za kwanza, kisha tukamzika. Baba pombe ilipomtoka, neno lake lilishafika Puge, na mwanangwa alishalipokea. Halikurudishika.

Bibi, mama yake baba, akanichukua yeye. Nikadhani atanifundisha kupiga ngwala. Wapi! Alinifundisha kuanguka tu.

"Mke mwenzangu, anguka."

Naanguka.

"Umeanguka kama gunia la karanga! Mume wetu atakutaka na shingo ya kupinda? Kidevu kifuani! Mkono utangulie!"

Paa. Tena, paa. Mpaka nikalia kwa hasira: "Bibi, kwani naenda kushindwa?"

Alinikung'uta makapi mgongoni, polepole mno.

Nyumba nzima ilibadilika. Nilivunja chungu, mama hakunigombeza. Baba alinipa firigisi ya kuku, kitu ambacho mtoto wa kike kwetu alikisikia tu. Bibi akatoa sandukuni kitambaa cha amerikani, cheupe pe, akakianika uani. Nikawatambia wenzangu: "Mnakiona? Nitavishwa hicho nikishinda." Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuja kututembelea, akakiona pale kambani, akageuka akarudi kwake bila hata kubisha hodi.

Siku yenyewe ikafika, na watu wa Puge wakaja na ngoma zao. Tulipoingia uwanjani ngoma zikanyamaza. Milembe alinuka mafuta ya karanga na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Umemwamkia mama yako leo?" akaninong'oneza.

"Nimemwamkia."

"Vizuri."

Akaninyanyua. Niliona mbingu, nikaona na miguu yangu mwenyewe huko huko mbinguni. Kidevu kikajiendea kifuani. Paa!

Nikasikia mtu anaanza kulia. Nikaamka, nikatema makapi.

Nimeshindwa, halafu mama yangu mzazi akapiga vigelegele kama nimeolewa na mtemi! Nilimnunia siku nyingi. Bibi yeye alirudi nyumbani, akakianua kile kitambaa, akakikunja, akakifungia sandukuni.

Nilikuwa na watoto wangu tayari bibi alipofariki. Mama akafungua sanduku, akakitoa kile kile cha amerikani, kimeanza kuwa cha manjano kwenye mikunjo.

"Sanda yake," akaniambia. "Alijinunulia mwenyewe. Mwaka ule wa Milembe aliianika kwa ajili yako."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Basi Rehema akitupwa, pumzi yangu husimama mpaka nimwone ameinuka, anafunga mkanda wake upya. Majuzi akaniuliza, "Bibi, mbona unanipigia vigelegele hata nikishindwa? Wenzangu wananicheka."

Nikamwambia, "Waache wacheke, mke mwenzangu. Hebu anguka tena nikuone."