Salatani ya Mama

Mama yangu alikufa na njaa, na chakula kilikuwepo ndani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Mengine yote ni maelezo tu.

Alikuwa Mjita, wa kandokando ya ziwa upande wa Mara, na Kiswahili chake kilikuwa cha mwaloni alikouza samaki: cha kutaja samaki na kumtukana mtu anayebonyeza samaki halafu hanunui. Hicho alikijua barabara. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo simcheki. Alipoanza kukonda na kutapika nilimfuata nikamleta kwangu Mkolani. Alikuja na sufuria yake, akidai sufuria za mjini hazipiki, zinapasha tu. Ndiyo mdomo aliokuwa nao. Marehemu baba alikuwa akimkimbia, anakwenda kushona nyavu, na nyavu zenyewe hazijachanika. Lakini ya baba tuyaache.

Hospitali walimwingiza mpira wenye kamera tumboni, wakasema turudi majibu yakitoka. Siku ya majibu tuliingia watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike anayekaa Butimba. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama shikamoo, akasogeza kiti karibu, akasema kwa Kiswahili safi cha shule, "Bibi, majibu yanaonyesha una saratani ya tumbo."

Angesema kansa, mama angejua. Kansa kule kwetu kila mtu anaijua na anaitaja kwa sauti ya chini. Lakini saratani hakuwahi kulisikia hilo neno. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kijita, hiyo salatani ni kitu gani?

Nilikuwa na nafasi ya pumzi mbili hivi. Nikamjibu kwa Kijita kwamba ni vidonda vya tumbo, ndivyo wanavyoviita hospitali.

Uso wake ukafunguka. Akamwambia daktari kwa Kiswahili, "Ah! Mimi nilidhani ugonjwa!"

Daktari akanitazama. Kijita hakijui, lakini mtu aliyepewa habari ile hacheki. Mama alipotoka kwenda msalani, akatuambia sisi wawili kwamba imeshafika kwenye ini, kwamba kwa umri ule kupasua ni kumtesa, atampa dawa za maumivu tu. Akamalizia, "Ale chochote anachotaka. Anachokipenda, mpeni."

Hilo nalo sikumfikishia mama. Ningelisemaje? Mwenye vidonda vya tumbo haambiwi ale chochote.

Getini mdogo wangu akanivuta shati. "Kaka, umemwambia mama nini?"

"Nimemwambia kitu cha kumfikisha nyumbani na miguu yake."

"Mwongo wewe."

"Basi mwambie wewe. Yule pale."

Hakwenda. Waoga tulikuwa wawili, ila ulimi uliotumika ulikuwa wangu.

Sasa pale Mkolani nina jirani, mama mmoja anauza mboga, ana vidonda vya tumbo vya kweli, miaka na miaka. Alipokuja kumjulia hali, mama yangu akamwambia, "Mwenzangu, na mimi ninavyo." Jirani alifurahi kupata mwenzake, akakaa akamfundisha masharti yote. Pilipili hapana. Ndimu hapana. Maharage hapana, chai kavu hapana, kitu chochote kichachu usikiguse. Mama alisikiliza kama mtoto wa kipaimara. Huyu ni mtu ambaye tangu ameota meno chakula chake ni sato wa kuchemsha, amekamuliwa ndimu mpaka supu inageuka rangi, na pilipili juu. Siku ile ile aliacha. Akawa mtu wa uji na maziwa, na kiazi kimoja kisicho na chumvi.

Watu wa kanisani walipokuja akawa anawatangazia, "Nina salatani, lakini naiweza. Ndimu siigusi!" Wakawa wanatazama miguu yao.

Mdogo wangu akija kututembelea alikuwa anazunguka mpaka Pasiansi kuchukua samaki mbichi. Siku moja akampika sato vile vile anavyompenda mama, akamletea na bakuli lina moshi. Mama akaziba pua na kitenge. "Toa hapa! Unataka kuniua?" Mdogo wangu akarudi jikoni na bakuli lake. Nilimsikia akilia, na sikwenda.

Kila siku mama aliniambia, "Nikipona nakula sato wawili. Mmoja wa ndimu, mmoja wa pilipili." Nami nikasema ndiyo mama. Nilijidanganya kuwa namwonea huruma. Ukweli niliogopa uso wake.

Ilipita karibu miezi miwili ndipo akili ikanijia. Akili yangu huchelewa. Nikaona kumbe uongo wa kwanza naweza kuufungua kwa uongo wa pili. Nikamwendea asubuhi. "Mama, daktari anasema vidonda vimekauka. Kula unachotaka."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na pilipili?"

"Na pilipili, mama."

Akasogeza kikombe cha uji pembeni. Halafu akasema, "Hospitali hujanipeleka tangu siku ya majibu. Huyo daktari ameviona wapi?"

"Nimempigia simu."

"Ameviona kwenye simu." Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wabonyeza samaki. "Ni kansa?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na uji wote ule ukaninywesha."

Akasema nilete samaki. Nilikwenda kumtafuta mwenyewe, nikampika mwenyewe, nikakamua ndimu. Alimega kipande cha ukubwa wa ukucha. Akatafuna, akatafuna, hakishuki. Akakitema kwenye kiganja, akaniwekea mkononi mwangu.

Aliishi siku nne baada ya hapo. Maji tu, kwa kijiko, na hayo yalirudi. Kunitukana hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Ila hakusema nami tena moja kwa moja. Maneno yangu aliyapokea kwa mdogo wangu, aliyekuwa amehamia kwangu siku zile, na yake akayapitishia huko huko, kama vile mimi Kijita nimekisahau.

"Mwambie kaka yako afungue dirisha," alisema siku ya mwisho, na mimi nimesimama pale pale dirishani.

Nikafungua.

"Amefungua?" akamwuliza mdogo wangu.

"Amefungua, mama."