Mkaguzi wa Pensheni kwa Mzee Kuramochi

Mkaguzi wa pensheni wa manispaa yetu huvua viatu mlangoni kwa watu taratibu, kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Ana mikono midogo, mikavu, na kabla ya kubisha huipangusa kwa leso. Sauti yake haipandi hata anapokasirika. "Misao," huniambia mimi karani wake njiani, "wanaokula pensheni za marehemu wanawanyang'anya walio hai. Jana nilimrudisha bibi mmoja mikono mitupu, fungu la fedha limekwisha."

Juzi tulikwenda kwa mzee Kuramochi, ambaye kwenye karatasi zetu ana miaka mia na tatu. "Baba amelala, hapendi wageni," alisema binti yake, naye mwenyewe kikongwe. "Nimsalimie tu, mama, tuondoke," mkaguzi alisema. Binti akaingia peke yake, akafunga mlango wa chumba, ule wa kusukuma wa fito na karatasi. Kutoka ndani sauti nzito ya kiume ikasema, "Mimi mzima. Nendeni zenu!" Mkaguzi akaufungua mlango kwa vidole viwili. Binti alikuwa amepiga magoti kando ya tandiko lililofunikwa vizuri, bapa mno. Mkaguzi hakuligusa. Aliutazama mto tu. "Mama, umemwelekeza kichwa kaskazini," alisema polepole. Kwetu ni maiti tu hulazwa hivyo.

"Ningemlazaje vingine?" binti alinong'ona. "Ni baba yangu."

Mkaguzi akapiga magoti, akaunganisha viganja, akainama. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

Binti alifumbua kinywa, na kutoka humo ile sauti ya kiume ikajibu, "Tangu theluji ya mwaka juzi."