Gari la Buluu la Mzee wa Majengo

Mume wangu alitaka gari refu la kubebea mizigo nyuma. Mama mkwe wangu alitaka pikapu. Mimi nilitaka gari linalokimbia.

Sikusema hivyo, bila shaka. Nilikuwa muuguzi mjini Embu, mama wa wasichana wawili, mke wa mwalimu wa fizikia. Nilisema tu kwamba gari la saluni, la milango minne, lingetutosha, na kwamba likiwa na injini yenye nguvu kidogo halingetusumbua milimani. Neno "nguvu" nililipitisha haraka haraka nikaanza kuzungumzia viti.

Mimi nilizaliwa upande wa Nkubu, na udereva nilijifunzia kwenye pikapu ya mjomba wangu iliyokuwa ikipeleka maziwa. Mjomba alivunjika mguu, maziwa hayangeweza kungoja, basi akaniketisha kwenye usukani nikiwa bado sekondari, yeye akakaa kando na gongo lake akinifokea. Zile kona za kwetu, zinazoshuka hadi mtoni na kupanda tena papo hapo, ndizo zilizonifundisha gia. Mume wangu alijifunzia kwenye uwanja uliopangwa vigingi, na hadi leo huendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumejinyima muda mrefu, na ilipofika wakati wa kuchagua, nyumba nzima ilishikwa na homa ya magari. Wasichana walichora magari kwenye madaftari ya hesabu. Mume wangu, ambaye hununua hata kiberiti baada ya kufikiri, alikuwa akisimama barabarani kutoka shuleni akitazama magari ya watu mpaka wenyewe wanamsalimia wakidhani anawafahamu.

Tulianza na jipya. Ajenti mmoja kutoka Nairobi alileta gari jipya kabisa pale Embu ili wafanyakazi waje walione, na sisi tukaenda pamoja na mama mkwe, aliyeteremka kutoka kwake Kibugu asubuhi hiyo akiwa bado na harufu ya majani chai mikononi. Viti vilikuwa vimefunikwa nailoni. Ajenti akamwomba mama avue viatu kwanza. Mama alimtazama, akavitazama viatu vyake vya kanisani, akaingia navyo. Ile nailoni ilikuwa telezi hivi kwamba alipokaa aliteleza mpaka magoti yakagonga kiti cha mbele.

"Hili gari linanifukuza," akasema kwa Kiembu, akatoka.

Nilipouliza kama naweza kuliendesha hata mpaka kwenye mzunguko na kurudi, ajenti alicheka kwa adabu akaniambia nitaliendesha nikishalinunua. Hapo mimi na gari jipya tukaachana.

Baadaye tukapata habari za Meru. Binamu yangu anayefanya kazi huko alitupigia simu hospitalini, akaniambia Makutano kuna yadi iliyojaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na kwamba, kama tutakosa huko, kuna mzee wa Kiislamu pale Majengo anauza gari lake mwenyewe, ila ana masharti.

"Masharti gani?" nikauliza.

"Njoo utajionea. Amefukuza wanunuzi mpaka watu wanaogopa kwenda."

Jumamosi tukaondoka alfajiri, mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye alikataa kuachwa. Alisema pikapu huenda zipo Meru, na asipokuwepo tutajifanya hatukuziona.

Pale Makutano, kati ya malori na kelele za stendi, yadi ilikuwa inametameta. Nililipenda moja jeupe mara moja. Nikapewa ufunguo, na kijana wa yadi akaketi kando yangu. Hatukufika mbali. Usukani ulikuwa unavuta kushoto, nikiuachia kidogo tu tunaelekea mtaroni.

"Ni barabara, madam," kijana akasema. "Barabara hii imelala upande."

Tuliporudi njia ile ile gari likaendelea kuvuta kushoto, ambako sasa kulikuwa upande wa pili wa ile barabara iliyolala. Mume wangu aliyekuwa nyuma alikohoa. Kijana naye akaanza kucheka mwenyewe, nikacheka pia, tukarudisha ufunguo.

Basi tukashuka Majengo. Sala ya adhuhuri ilikuwa imemalizika na watu walikuwa wakitoka msikitini wakisimama kwenye bucha kununua nyama. Tulipouliza habari za mzee mwenye gari, kila mtu alitabasamu kabla ya kutuelekeza. Alikuwa na duka la vitambaa na sare za shule. Mrefu, kofia nyeupe, macho yake yamefunikwa na ukungu mwepesi wa mtoto wa jicho. Alitupa mkono akaushika wa mume wangu kwa muda.

"Mwalimu," akasema, baada ya kuambiwa sisi ni akina nani, "unataka gari la kazi gani?"

"La familia, mzee."

"Si teksi?"

"Hapana."

"Na nani ataliendesha zaidi?"

Mume wangu angeweza kusema ni yeye. Wanaume wengi wakati huo wangesema hivyo hata kama si kweli. Yeye alinielekezea kichwa. "Huyu. Mimi naushika usukani, yeye ndiye anayeendesha."

Mzee akageuza uso kunitafuta. "Haya, sista. Twende ukanionyeshe."

Gari lilikuwa uani, limevikwa kitambaa cha kijani cha sare za shule, ambacho mke wake alikuwa amekishona kwa vipimo vyake kama gauni. Mama huyo akalivua taratibu, na mimi nikasogea karibu. Lilikuwa buluu ya kukolea, limelala chini kidogo, mabega mapana, na nyuma juu ya buti lilikuwa na kibawa kidogo kisichozidi kiganja. Ndani, gia ya mkono, tano za kwenda mbele, na usukani uliovikwa ngozi iliyong'aa pale mikono ya mzee ilipokuwa imezoea kushika. Mume wangu alifungua boneti, akainama humo. Mama mkwe alienda moja kwa moja kwenye buti, akalifungua, akaingiza mkono mpaka begani.

"Hapa gunia la viazi litaingia," akaniambia. Kisha, kwa kujikumbusha: "Lakini si pikapu."

Mzee alikuwa amelinunua likiwa bado changa, akalitumia kwenda Isiolo kwa biashara, kwa ile barabara iliyonyooka. Sasa macho yalikuwa yamemkatalia, na binti yake mkubwa alikuwa amemwapisha asiguse tena usukani barabarani. Masharti yake yalikuwa haya tu: atakayelinunua lazima kwanza amwendeshe yeye, na asipopendezwa, hakuna biashara. Mnunuzi mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kupiga tairi teke.

Tukapanda. Mzee mbele pamoja nami. Nyuma akaketi mke wake na mama mkwe, na katikati yao mume wangu, magoti yake yakifika karibu na kidevu.

Nilipowasha, injini haikupiga kelele. Ilinguruma chini chini, na nikahisi ule mtetemo mpaka kwenye nyayo. Nikapita Makutano kwa heshima, nikikwepa mikokoteni na wapitaji, kisha nikashika barabara ya Nkubu.

"Sasa," mzee akasema, "tia ya tatu, ukanyage. Usilionee huruma."

Nikakanyaga. Mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti, na migomba ya kando ya barabara ikaanza kutukimbilia. Mzee alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza.

"Umechelewa kubadili," akasema.

"Nimechelewa," nikakubali.

"Kona inayofuata usichelewe."

Sikuchelewa. Nilishusha gia kabla ya kona, gari likainama kidogo tu, likashika lami kama lililopigwa gundi, na tulipotoka upande wa pili nikakanyaga tena. Kona hizo nilizijua tangu siku za maziwa, lakini sikuwahi kuzipita na kitu kilichonitii namna hiyo. Mlimani mbele yetu lori la mbao lilikuwa linapanda likijikongoja. Barabara ilikuwa wazi mpaka juu. Nikawasha taa ya kulia, nikatia ya tatu, tukalipita lori hilo upesi hata dereva wake akapiga honi kutusalimia.

Nyuma kukawa kimya. Nikajiambia, basi, nimeharibu, mama ameogopa. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi shingoni, na alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mdomo wazi, machozi yakimtoka.

"Rudia!" akasema kwa Kiembu.

"Mama!" mume wangu akalia kutoka katikati.

"Wewe nyamaza, kunja miguu. Mwambie arudie."

Mke wa mzee, aliyezaliwa Majengo na kukua akisema Kimeru, alikuwa ameelewa Kiembu chake vizuri. Akamshika mama mkono, wakacheka pamoja kama wasichana waliotoroka darasa.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na mji, mzee aliniomba nikate kona niingie kwenye uwanja wa mpira wa shule moja. Haukuwa na mtu. Nyasi zilikuwa fupi, uwanja umetandazika mpaka kwenye miti ya mikaratusi. Akaniambia nisimame.

"Binti yangu aliniapisha nisiendeshe barabarani," akasema. "Hapa si barabarani."

Nikamtazama mke wake. Mama huyo alikuwa tayari anashuka. Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akachukua nafasi ya mzee, naye mzee akaja upande wangu akipapasa boneti kwa kiganja. Sisi wengine tukasimama kando ya goli.

Gari likaondoka polepole. Tulimsikia yule mama kupitia dirisha lililofunguliwa: "Nyooka. Nyooka hivyo hivyo. Sasa kulia, Mzee. Zaidi. Vizuri." Wakazunguka uwanja mara ya kwanza kwa mwendo wa kutembea. Kisha mzee akabadili gia, nasi tukasikia jinsi alivyoibadili, laini, bila kukwaruza, na gari likaongeza mwendo. Kofia yake nyeupe ilikuwa imeegemea dirishani. Mke wake hakuwa anaelekeza tena kwa maneno, alikuwa ameweka mkono begani kwa mumewe, akimgusa kushoto au kulia. Nyasi ziliruka nyuma ya tairi. Mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele ya mama yake.

Waliposimama, mzee hakushuka mara moja. Kisha akanyoosha mkono nje ya dirisha, ufunguo ukining'inia kidoleni.

"Sista," akasema, "tukanywe chai tumalize mazungumzo. Hili gari ni lako."

Nilipiga kelele. Pale uwanjani, muuguzi mzima, nilipiga kelele na kuruka. Mke wa mzee akanikumbatia.

Bei haikutusumbua kuafikiana, kwa kuwa mzee hakutaka kupandisha na mume wangu hakuwa na moyo wa kushusha. Tulikunywa chai yenye tangawizi na kula mahamri, na mama mkwe akafungiwa kitambaa cha gauni ambacho hakukiomba. Kile kitambaa cha kijani cha gari nacho tukapewa. Mzee alitusindikiza mpaka kwenye kona ya bucha. Nilipoingiza gia ya pili alitikisa kichwa kukubali, akasimama pale akisikiliza mpaka hatukuweza kumwona tena.

Safari ya kurudi Embu naikumbuka yote. Pale Igoji tulisimama mama akanunua ndizi, mikungu miwili ikaingia kwenye buti na nafasi ikabaki, akaufunga mlango wake bila kutaja pikapu. Tulipita Chogoria, tukapita Chuka, tukateremka kwenye daraja la Thuchi madirisha yote yakiwa wazi na upepo ukitupiga nyuso. Baada ya hapo nilimwachia mume wangu usukani, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Alianza na mayai yake mapajani. Lakini kwenye ule mteremko mrefu kabla ya Runyenjes nilimwona akitazama pembeni kama mwizi, kisha mguu ukashuka.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Najaribu jambo," akasema, macho yakiwa barabarani. "Ni fizikia."

Wasichana walilisikia kabla ya kuliona. Walitoka nyumbani kwa jirani mbio, mmoja bila viatu, wakalizunguka wakigusa kila kitu, na hawakukubali kula mpaka tulipowapeleka hadi hospitalini na kurudi.

Jumapili iliyofuata tulienda Kibugu kumpeleka mama kanisani. Barabara ya huko wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu, kwa hiyo nilienda polepole nikikwepa mawe, na mama alikaa mbele amevaa gauni lililoshonwa kwa kile kitambaa cha Majengo. Tulipofika kanisani bado watu walikuwa wachache, wazee wawili watatu na mwalimu wa kwaya. Nikazima injini.

"Washa," mama akasema.

"Tumefika, Mama."

"Watu bado hawajafika. Twende mpaka kituo cha kununulia majani chai, tukirudi watakuwa wamejaa."

Nikawasha. Yeye mwenyewe akashusha kioo, akaweka kiwiko dirishani.