Kisichopikwa Hakionjwi

Jiko la kiwanda cha magodoro lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuivunja. Mpishi mkuu hula sahani ya kwanza. Huila amesimama dirishani, mbele ya foleni, wali na maharage na mchuzi wa siku hiyo, mpaka sahani ibaki nyeupe. Hapo ndipo watu husogea. Zamani, kabla ya sheria hiyo, waliwahi kulishwa nyama iliyochacha, kiwanda kizima kikashinda kinagombania vyoo. Tangu siku hiyo wakaapa: aliyepika aanze yeye, sisi tukimwona bado amesimama, tutakula.

Mama Mwiko aliila sahani hiyo miaka yote aliyokuwa mpishi mkuu. Na kabla ya sahani kulikuwa na kuonja. Wasiopika hudhani kuonja ni mara moja. Maharage huonjwa yakichemka, huonjwa yakiungwa, huonjwa yakikolea, kisha huonjwa tena kwa sababu umesahau kama umeonja. Anadondoshea kiganjani, analamba, anapangusia aproni. Jioni anarudi nyumbani anamwambia binti yake, "Leo sijatia kitu tumboni tangu asubuhi," na wallahi anaamini.

Mwili ulimjia kama mgeni wa kupita: ukaomba kukaa kidogo, ukaingiza mizigo, ukahamia. Baadaye ukaita jamaa zake. Ikaja presha, ikaja sukari, mwisho yakaja magoti, hata kile kidaraja kimoja cha mlango wa jiko akawa anakipanda ameshika ukuta. Watu wakamcheka kwa mapenzi, kama wanavyocheka watu wasiobeba mzigo wenyewe. Bado alipika. Bado, kila siku kabla ya king'ora cha chakula, alishika sikio moja la sufuria kubwa na mwenzake akashika la pili, wakaiteremsha kutoka motoni.

Huyo mwenzake alikuwa mke wa kaka yake. Wifi alikuwa hana kazi, na Mama Mwiko ndiye aliyemwombea nafasi kwa msimamizi. Alimfundisha kukadiria maji kwa kidole, kujua wali ulioiva kwa mlio wa mfuniko, kufunga gunia kwenye masikio ya sufuria ili mikono isiungue. Asante ya punda ni mateke, lakini punda huyu alisubiri ashibe kwanza.

Ikawa siku moja sufuria ya maharage ilianguka. Tuseme ukweli wake, maana waliokuwepo waliunyamazia. Gunia la upande wa wifi lilikuwa halijafungwa vizuri, moto ukampata vidoleni, akaachia. Maharage yakatambaa sakafuni mpaka ghalani. Msimamizi alipokuja mbio, wifi alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Magoti ya wifi, bosi. Mimi nilishika, lakini yeye magoti yamemwangusha. Namhurumia, jamani, mwili umemzidi."

Msimamizi alimtazama Mama Mwiko kuanzia juu mpaka chini, na alipomaliza kutazama alikuwa ameshahukumu. Mwili wake mwenyewe ulisimama pale ukamtolea ushahidi wa uongo. Angesema nini? Nani angeamini kwamba mnene ameshika na mwembamba ameachia?

Wiki iliyofuata wifi alivaa aproni ya mpishi mkuu. Mama Mwiko akapewa kigoda pembeni, karibu na mlango wa ghala, amenye karoti na kukata kabichi. "Upumzike, mama," msimamizi alimwambia, kwa sauti ya mtu anayekutoa nyumbani kwako na kukupa mkeka.

Hakulia. Alikaa kwenye kigoda chake akamenya, na huku anamenya akawaza. Kupungua ili apendeze hakukumwingia akilini. Alishapita umri wa kupendeza watu. Alitaka sikio lake la sufuria. Alitaka siku moja asimame mbele ya msimamizi yule na mwili wake useme kweli.

Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia mara nyingi: punguza mafuta, punguza wanga, tembea. Mara nyingi alikuwa amejaribu, na kila mara mkono ulimsaliti. Sufuria yoyote iliyo motoni, hata ya jirani, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mwiko. Sasa, pale kigodani, akiwa na kipande cha karoti mdomoni, ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna nesi angeweza kumwambia. Karoti hii hakuionja. Aliila tu, ikaisha. Haikumuuliza chumvi, haikumuuliza imeiva au bado.

"Adui yangu ni mwiko," alimwambia binti yake jioni ile. "Kisichopikwa hakionjwi. Kuanzia kesho nitakula vibichi."

Binti yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache kwa sababu pini hukaa mdomoni. Alizitoa zote. "Mama, unataka kula majani?"

"Karoti ni majani? Parachichi ni majani?"

"Na maharage? Utayatafuna mabichi?"

"Mimi nimepika maharage kabla hujazaliwa, usinifundishe. Hayo utanichemshia wewe jioni, bakuli moja, na samaki au yai. Mimi jikoni siingii."

Akaenda kwa nesi, maana hakuwa mjinga, alikuwa tu hakusoma. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonya: aoshe kila kitu vizuri, asiache vidonge hata siku moja, kichwa kikizunguka aje haraka apimwe. "Na matunda usijiachie, mama. Papai nalo lina sukari yake."

"Hata papai linanionea," alisema Mama Mwiko, lakini akatii.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Kabichi mbichi ilimjaza upepo, akawa analala kwa kugeuka kama chapati. Saa ya chakula kiwandani, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimfuata kigodani ikamshika shingo. Alifungua bakuli lake: matango, nyanya, hoho, choroko alizoloweka zikachipua, karanga kidogo, limau juu. Alitafuna. Alitafuna mpaka taya likauma. Alikuwa hajajua kwamba chakula kinatafunwa. Miaka yote alikuwa akilamba.

Kiwanda kikapata mchezo mpya. Mama Mwiko akabadilishwa jina.

"Mama Sungura, leo umevaa masikio?"

"Nimeyaacha nyumbani, ningejua unakuja ningekuazima, maana wewe husikii hata ukiitwa kazini."

"Bi Sungura, mbwa wa getini anasema ukipita anasikia krap-krap tumboni!"

Hayo aliyajibu yote, moja baada ya jingine, bila kuacha kutafuna. Asilolijibu lilikuwa la wifi, aliyekuja mpaka kigodani na sahani ya wali unaong'aa mafuta, mchuzi umeufunika kama shuka.

"Wifi, kula kidogo jamani. Utatufia. Watu watasema mimi ndiye ninayekunyima."

Mama Mwiko aliitazama sahani. Tumbo lilinguruma mpaka wote wawili wakasikia. Akachukua tango jingine akalimenya.

Asubuhi alianza kutembea kwenda kazini. Kwanza alifika anahema kama treni, anakaa ukutani nje ya geti apate pumzi asije akachekwa. Baadaye akawa anafika bila kukaa. Jioni alijaza ndoo mbili maji akazibeba kutoka bombani mpaka mlangoni, akazimwaga kwenye pipa, akarudi. Pipa likijaa alimwagilia bustani ya jirani, asionekane mwehu. Siku moja binti yake alimpima nguo, akakunja kitambaa kiunoni, akakunja tena, akasema kwa pini mdomoni, "Hii naikata, hairudi tena." Nesi naye alipima sukari, akapima presha, akarudia kwa kutoamini, kisha akampunguzia vidonge yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na kile kidaraja cha mlango wa jiko alikipanda akiwa amebeba karai la viazi kichwani. Hakuna aliyeona. Yeye aliona, ikatosha kwa siku hiyo.

Huku motoni mambo hayakuwa mazuri. Wifi hakupata mwenza wa kuinua naye, kila mmoja aliogopa yaliyotokea. Ikawa kila siku anaita vijana wa ghalani, nao walishachoka kuitwa. Chakula kikawa kinachelewa, foleni inapiga vijiko kwenye sahani. Mama Mwiko alingoja mpaka siku msimamizi mwenyewe alipokuwa amesimama jikoni anatukana saa. Akainuka kigodani, akafunga aproni. Kamba ilizunguka kiuno ikarudi mbele.

"Bosi, mimi nitainua."

"Mama, tusirudie yale."

"Nitainua na wifi. Wewe simama hapo, utazame kwa macho yako."

Wifi aliangalia huku na huku kama anayetafuta mlango. "Wifi, magoti yako..."

"Magoti yangu niachie mwenyewe. Funga gunia vizuri."

Wakashika. Maharage yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, yanatokota bado. Wakainua, na Mama Mwiko akatembea kwa hatua ndogo, mgongo umenyooka, kama alivyozoea kwenye bomba. Katikati ya njia sufuria ikaanza kuinama. Iliinamia upande wa wifi. Viwiko vilikuwa vinamtetemeka.

"Wifi, tuweke chini, naungua."

"Bado. Meza ile pale."

"Wifi!"

"Ukiachia, leo bosi yupo."

Hakuachia. Walifika mezani, sufuria ikakaa bila kumwaga hata punje. Wifi akapulizia vidole. Msimamizi alikuwa ameona upande ulioinama, na uso wake ulionyesha kwamba ameyakumbuka ya zamani. Wakubwa hawaombi radhi, husafisha koo. Alisafisha koo lake mara mbili, akasema, "Basi mama, kuanzia leo rudi motoni. Wifi yako atakusaidia. Haya, sahani ya kwanza, watu wana njaa."

Ndipo Mama Mwiko alipokumbuka dirisha.

Foleni ilikuwa imeshasikia. "Mama Mwiko amerudi!" walipiga kelele, na jina la sungura likafa palepale. Mpishi msaidizi mmoja akamsogezea sahani ile ya zamani, ileile pana, wali mlima, maharage bahari. Mama Mwiko aliishika. Akajua kwamba sahani hii haiji peke yake. Nyuma yake iko ya kesho, na ya keshokutwa, na kuonja, na kidaraja cha mlango, na msimamizi anamtazama tena toka juu mpaka chini.

Akairudisha. Akachukua sahani tupu, akachota wali kijiko kimoja, maharage kijiko kimoja, mchuzi kijiko kimoja, kutoka chini kabisa ya kila sufuria. Pembeni akajaza matango na kabichi na nyanya kutoka kwenye bakuli lake. Akasimama dirishani.

"Hiyo nini?" aliuliza fundi mmoja wa mashine, mtu wa tumbo kubwa, aliyekuwa mbele ya wote. "Hiyo si sahani, hiyo ni bustani."

"Kama hali, na sisi hatuli!" alidakia mwingine.

"Yeye mwenyewe hakiamini chakula cha jiko lake!"

Vijiko vikaanza kugonga. Msimamizi akamnong'oneza, "Mama, kula tu leo yaishe. Kesho utajua mwenyewe." Na wifi akafika upande wa pili, kwa upole wake uleule, akanyoosha mkono. "Lete, wifi, mimi nitaila. Nishazoea."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sahani kubwa ipite kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na moto uende nayo. Mama Mwiko aliisukuma sahani kubwa mbali nao wote, akageukia foleni.

"Nyie mlitaka mpishi mkuu aonje kwanza, muone kama atasimama. Sasa nitazameni." Akala kijiko cha wali. Akala cha maharage. Akala cha mchuzi, akafungua mdomo kuwaonyesha, kama mtoto aliyemeza dawa. "Kama kuna sumu, kijiko kinatosha kuniua. Sahani nzima nimewalia miaka, na ilikuwa inaniua kweli, mkaita mapenzi. Nilipokuwa nashika ukuta kupanda pale, nani kati yenu alikataa kula? Mimi kuanzia leo ni hivi. Anayetaka mpishi wa kushiba, huyu hapa wifi yangu, na sufuria muinue wenyewe."

Kisha akaanza kutafuna kabichi, polepole, macho mbele.

Hawakusogea. Kabichi ilisikika mpaka nyuma ya foleni. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Muda wao wa kula ulikuwa unakwisha, nao walijua, na yeye alijua zaidi yao, maana njaa ya foleni alikuwa ameipika miaka mingi. Hakuharakisha tango.

Yule fundi wa tumbo akaangalia saa ukutani, akaangalia maharage, akaangalia uso wa Mama Mwiko uliokuwa haumtazami mtu. Akasukuma sahani yake mbele.

"Nipakulie, mama. Lakini mimi nijazie."

"Nitakujazia. Tumbo ni lako."

Nyuma yake wakafuata, wananung'unika, hakuna aliyeongoka, hakuna aliyeomba tango. Msimamizi akasema tutaona kesho, akaondoka. Wifi alibaki amesimama, mikono mitupu, hajui aende wapi. Mama Mwiko hakumsamehe, wala hakujifanya amemsamehe. Alimpa upawa wa mchuzi bila kumtazama, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kusimama, na foleni ikaendelea.