Doto Aliyekaa Kwenye Kiti cha Kulwa

Nimeshachoka kubishana kuhusu jambo hili, kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Lilitokea Tabora, mtaa wa Kanyenye, tena mchana, jua likiwa kali. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa. Mkono uliomgusa ni huu.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, nikauza asali Usinge, nikapakia mizigo kwenye treni, nikalala kwenye stesheni nyingi za reli hii. Kilichonishika Tabora ni kazi ya Kulwa.

Kulwa alikuwa fundi wa kompyuta. Ndani ya kompyuta moja yenye nguvu aliweza kuwasha nyingine nyingi zisizo na mwili, mashine pepe, na kila moja ikajiona imekamilika. Zote zilitokana na picha moja ya mfumo: programu zimepangwa ndani, ukiiwasha inaamka yenyewe, tayari kwa kazi. Kila alipobadilisha kitu aliihifadhi kama toleo jipya, na la zamani likabaki palepale. Ukiharibu leo, unarudi jana. Hebu fikiria mtu kama mimi kusikia hivyo! Nilimuuliza maswali mpaka akashika kichwa.

"Shule uliikimbia wewe," alinitania, "lakini mtihani naufanya mimi."

Shule moja ya upande wa Urambo ikatuagiza mashine za wanafunzi. Kulwa akajenga picha, akatoa nakala, na hapo tabu ikaanza. Nakala moja ikiingia kwenye mtandao, nyingine inatupwa nje. Ukiirudisha hiyo, ya kwanza inaanguka. Na wakati huohuo Kulwa mwenyewe akaanza kuzimia. Anaongea vizuri, halafu macho yanapotea. Mwishowe akapanda treni kwenda Tura, kwa mama yake, akaniachia funguo.

Nilihangaika na zile mashine mpaka usingizi ukanikimbia. Mchana mmoja nikainua kichwa, Kulwa amekaa kwenye kiti chake.

"Kaka, umerudi lini? Mgonjwa gani huyu hata simu hapigi!"

Nilimsogezea chai, hakuigusa. Mle ndani kulikuwa kama tanuri, feni imekufa, mimi shati limelowa, yeye mkavu. Nilipaswa kushtuka. Lakini si unajua uchovu unavyomfanya mtu?

"Namba ya utambulisho," akasema taratibu. "Imo kwenye picha. Kila nakala inazaliwa nayo. Zote zinajiona ni yuleyule, na mtandao unampa nafasi mmoja tu."

Nikaifungua picha. Kweli, namba ilikuwemo. Nikaifuta, ili kila nakala ijitengenezee yake inapoamka mara ya kwanza, nikahifadhi toleo jipya, nikaziwasha. Zikasimama zote, hakuna iliyomwangusha mwenzake. Nikapiga makofi kama mwehu.

Simu ikaita. Mama yake Kulwa.

"Shikamoo mama. Mwanao ametuokoa huku!"

"Mwanangu gani?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kulwa amelala hapa mbele yangu. Amezimika tangu asubuhi. Pumzi inamkatika, baba, sijui nifanye nini."

Niambie, wewe ungefanya nini? Nilimtazama yule. Kulwa ana kovu juu ya jicho, alianguka na baiskeli ujanani. Uso ule haukuwa na kovu.

Kwetu huku kila mtu anajua, ukisikia Kulwa, ujue ana pacha wake, Doto. Wake sikuwahi kumuulizia, mimi na maswali yangu yote.

"Mama, Doto yuko wapi?"

"Tulimzika akiwa mdogo. Kwa wazee wetu, pacha aliyebaki hulazwa kaburini kidogo, kisha baba yake humtoa akimwita kwa jina, ili yule anayezikwa ajue aliyetoka ni mwingine. Siku ile baba yao alikuwa analia. Alimtoa kimyakimya."

Kumbe na huku pia kuna kitu hakikufutwa, kama ile namba: wawili wanajiona ni yuleyule.

"Mwite sasa, mama! Mwinamie sikioni kabisa. Mwite kwa jina lake, usiache!"

Nikamsikia akiita: Kulwa, Kulwa, we Kulwa. Nami nikamshika yule begani. Baridi kama mtungi.

"Doto," nikasema.

Akanitazama sana. "Hakuna aliyewahi kuniita," akasema.

Kwenye simu mtu akakohoa, mama akapiga kigelegele kilichochanganyika na kilio. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu.

Kulwa hajazimia tena. Ameoa, ana watoto, kazi inakwenda. Mimi ndiye sikupona. Kiganja hiki hakijapata joto tangu siku ile, hata nikiweka juu ya jiko. Watu wakinisalimia, mkono wanauvuta upesi. Na yule mwingine? Kulwa aliitwa na mama yake. Doto aliitwa na mimi. Niwe Kaliua, niwe Usinge, mchana wa jua kali nainua kichwa, kijana asiye na kovu amekaa mbele yangu, mkavu, anangoja nimwite tena. Siku hizi sihami kwa hamu ya kuona miji. Nahama ili nipumzike kidogo kabla hajanifikia.

Kwa hiyo nisikilize. Ukimtoa mtu shimoni, mtoe kwa jina lake, hata kama unalia. Na ukimkuta mchana mtu unayemfahamu, jua linawaka naye hatoki jasho, mwache akae. Usimpe jina. Ukishampa, ni wako.